Je, Wajua? Beseni, Taulo na Miguu ya Yuda

Katika Injili 4, ni Yohana peke yake anayesimulia Yesu akiwaosha wanafunzi miguu. Biblia ya Union inasema aliwatawadha, neno lile lile la jirani zetu Waislamu wanapojiandaa kuswali.

Kuosha miguu ya mgeni ilikuwa kazi ya mtumwa. Njia zilikuwa za vumbi na viatu vilikuwa vya wazi. Yesu alivua vazi la nje, akajifunga kitambaa kiunoni, akainama. Petro alikataa kwanza. Kupokea nako kunataka moyo wa unyenyekevu. Lakini jambo linalonigusa zaidi ni hili: Yuda alikuwa bado yumo miongoni mwa wanafunzi hao. Yesu alijua atakayemsaliti, na bado akamwosha.

Waadventista wa Sabato hutawadhana miguu hadi leo kabla ya Meza ya Bwana, wawili wawili, kwa beseni na taulo. Na Aprili 11, 2019, Papa Francis, mzee wa miaka 82 mwenye maumivu ya mguu, alipiga magoti mjini Vatican, akabusu viatu vya viongozi mahasimu wa Sudan Kusini, akiwasihi wadumu katika amani.