Pumba Hazishikani Zenyewe

Penseli haihitaji mbao yoyote tu. Inahitaji mti laini, wenye nyuzi zilizonyooka, unaochongeka bila kupasuka. Ndiyo maana wenye viwanda, mierezi ya mashariki mwa Marekani ilipoadimika mwanzoni mwa karne ya 20, waligeukia mierezi ya California, na wengine wakaja mpaka nyanda za juu za Kenya kutafuta mtarakwa, mti ambao Waingereza waliuita mwerezi wa penseli. Taka ya shambani inayotaka nafasi ya mbao itapimwa kwa kipimo hichohicho: kichongeo.

Tuchukue mpunga. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa karibu kilo 20 za pumba, yaani yale maganda magumu ya nje, si pumba laini wanazolishwa kuku. Huko Mwea, Kenya, au Mbarali, Tanzania, utayaona yamerundikwa nyuma ya mashine za kukoboa. Mengine huchomea matofali, mengine huachwa yafuke moshi siku nzima. Ni mali ya bure, au karibu na bure, na kuigeuza kalamu kunaonekana rahisi: kausha, saga, changanya na kitu cha kushikanisha, kandamiza kwenye kalibu.

Taabu imejificha kwenye hicho cha kushikanisha. Kinachotumika mara nyingi ni polipropilini, plastiki ileile ya ndoo na vifuniko vya chupa, kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi, ilhali ganda likipita nyuzi 200 huanza kuungua na kutoa harufu. Lakini ganda hupenda maji na plastiki huyakataa, kwa hiyo bila dawa ya kuvipatanisha kalamu hukatika kama biskuti. Unga usipokauka sawasawa, mvuke hutoboa matundu ndani yake.

Halafu kuna silika, madini yaleyale ya mchanga, ambayo hufikia asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa ganda. Silika hula parafujo za mashine na kuta za kalibu. Ukilifanya ganda kuwa penseli, silika itakula pia wembe wa kichongeo cha mtoto. Kwa maoni yangu ganda la mpunga liachiwe mwili wa kalamu ya wino, ambao hauchongwi.

Hata hapo tuseme ukweli. Kalamu yenye maganda asilimia 30 au 40 imepunguza plastiki, na hilo ni jema, lakini haiozi, na kuirejeleza ni kugumu kuliko plastiki tupu. Ukitumia plastiki itokanayo na wanga wa mahindi, huoza vizuri pale tu mboji inapofikia nyuzi 60 hivi, joto ambalo ni nadra kudumu kwenye majalala yetu.

Karatasi ndiyo inayotupa njia safi, kwa kuwa selulosi ikilowa, ikatandazwa na kukauka, nyuzi zake hushikana zenyewe. Penseli za magazeti makuukuu zipo madukani: karatasi huviringishwa kwa nguvu kuzunguka uti wa grafaiti na udongo, gundi ikiwekwa kila mzunguko, kisha hukaushwa polepole ili uti usihame katikati. Gundi hiyo yaweza kuwa ya wanga. Sioni kwa nini karatasi hiyo isitokane na makapi ya miwa.

Ila makapi nayo yana mwenyewe. Viwanda vya sukari, Kilombero kikiwemo, huyachoma kupata mvuke na umeme. Huko Tamil Nadu, India, kiwanda cha karatasi cha TNPL kililijua hilo: hupeleka makaa ya mawe au mvuke kwa viwanda vya sukari, nacho huchukua makapi. Karatasi ya makapi inapunguza ukataji wa miti, lakini makaa ya mawe yanaungua mahali pa makapi, na mwenye kupiga hesabu ya mazingira asiyaruke.

Kwa hiyo ukiuziwa kalamu iliyoandikwa kuwa ni ya maganda ya mpunga au ya mabua ya ngano, muulize muuzaji mambo mawili: maganda au mabua ni asilimia ngapi, na kilichobaki ni nini? Asipoweza kujibu, ihesabu kuwa ni ya plastiki.