Ukame na Majani ya Mahenge

Mara nyingi, mvua inapokatika Dodoma na Singida na mtama kunyauka, husikika mimbarani kwamba ukavu wa nchi hii ni adhabu ya dhambi za wakazi wake. Mjane aliyekosa mavuno hurudi nyumbani na mizigo miwili, njaa na hatia. Kabla ya kuhubiri hivyo, yatupasa kuyatazama mawe ya Mahenge.

Mahenge tunayoitaja si ile ya Morogoro, bali iko katika uwanda wa Singida. Zamani volkano ya aina ile iliyoleta almasi ya Mwadui ililipuka hapo ikaacha shimo, nalo likawa ziwa dogo. Tope laini lilitulia chini yake tabaka juu ya tabaka, likafunika samaki, vyura, popo na majani. Hatimaye tope likawa jiwe, na mabaki hayo yakawa visukuku. Umri wake ulipimwa kwa chembe za madini ya zirikoni, ambamo urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana. Ni miaka milioni 46 hivi.

Popo huyo, aliyepewa na wataalamu jina la Tanzanycteris mannardi mwaka 2003, ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Lakini kwa swali letu majani ndiyo shahidi mkuu. Wataalamu huyalinganisha na majani ya miti ya leo, kwa kuwa penye mvua haba majani kwa kawaida huwa madogo. Majani ya Mahenge, mengi yakiwa ya jamii ya kunde, pamoja na jamaa za migunga, yaonyesha pori lenye majira ya kiangazi, mfano wa miombo.

Basi kiangazi kilikuwako kabla mwanadamu hajawako kutenda dhambi. Hatusemi kwamba hali ya hewa haikubadilika tangu hapo. Ilibadilika mara nyingi. Wala hatumwondolei mwanadamu lawama. Afyekaye misitu ovyo huzidisha madhara ya ukame, naye aitwe kutubu kwa tendo hilo. Ila tusiwe kama rafiki zake Ayubu, waliomtafutia mteswa kosa asilolitenda. Mjane yule na atuliwe mzigo wa hatia, kisha usharika umsaidie kuubeba ule wa njaa.