Namba Ileile, Rangi Nyingine

Ukifungua boneti ya Toyota ya mtumba kutoka Japani, mara nyingi utakuta kibati kimebanwa kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Katikati ya utitiri wa herufi na tarakimu kuna namba ya rangi. Pengine ni 040, nyeupe tupu. Au 070, nyeupe ya lulu. Au 1F7, ile fedha ambayo mkazi yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi ameiona mpaka ameizoea. Mwenye gari aliyegongwa mlango akiiona namba hiyo hupumua. Anadhani kazi imekwisha: itajwe dukani, rangi ichanganywe, fundi apige. Siku ya kukabidhiwa gari, mlango ule unajitangaza kutoka ng'ambo ya barabara. Fundi anaapa kwamba namba ni hiyohiyo, na mara nyingi hasemi uongo.

Namba ile inasimulia rangi ilivyokusudiwa siku gari linatoka kiwandani. Haijui kilichofuata. Tena hata kiwandani mambo hayakuwa sawasawa: mchanganyiko wa mwezi huu huachana kidogo na wa mwaka ujao, na kiwanda kimoja huachana na kingine. Ndiyo maana kampuni zinazouza rangi za gereji huweka kanuni kadhaa chini ya namba moja, hii ikivuta kwenye unjano, ile kwenye ubuluu, nyingine ikiwa na chenga kubwa zaidi. Duka linalochanganya bila kukuuliza lolote limekuchagulia mojawapo kwa kubahatisha.

Halafu kuna jua. Koti zima la rangi, tangu chuma hadi juu, lina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, yaani unywele mmoja au nywele mbili. Rangi yenyewe tunayoiona ni tabaka jembamba mno humo ndani, na juu yake kuna klia, tabaka angavu linalokinga mionzi ya urujuanimno. Klia ikichoka, paa na boneti huanza kupauka kwanza kwa sababu ndizo zinazotazama juu. Nyekundu nyingi huumia mapema, nyeupe huelekea njano. Fundi makini hafananishi rangi na gari lililojaa vumbi na ukungu wa miaka. Hung'arisha kwanza paneli ya jirani ya ule mlango, ndipo alinganishe. Akitaka kujua gari lilikuwaje ujanani, hufungua kifuniko cha tangi la mafuta. Kule ndani jua halifiki.

Lakini ugumu wenyewe uko kwenye rangi za fedha. Ndani yake hamna fedha hata chembe: kuna vipande vidogo bapa vya alumini, na kila kimoja ni kioo. Vikilala vizuri, mlango unang'aa ukiutazama kwa mbele na kuwa mweusi ukiutazama kwa ubavu. Vikilala ovyo, tofauti hiyo inapungua. Kwa hiyo rangi ya fedha haikamilikii kwenye kopo. Inakamilikia mkononi mwa anayeipuliza. Bunduki ya kupulizia ikikaa karibu na mkono ukaenda polepole, rangi hufika ikiwa majimaji, vipande vinazama na kujipanga vinavyotaka, paneli inatoka imekolea. Bunduki ikirudishwa nyuma, presha ikipanda na mkono ukaharakisha, tina ya kuyeyushia rangi hukauka njiani, vipande vinabaki juu vimelala bapa, paneli inatoka nyepesi. Kopo ni lile lile. Joto la saa nane mchana nalo hufanya kazi hiyohiyo ya kukausha, kwa hiyo mlango uliopigwa asubuhi na fenda iliyopigwa mchana zinaweza kuachana hata kama fundi ni mmoja.

Kiwandani, rangi hurushwa na vikombe vinavyozunguka kwa kasi kubwa na kuvutwa na umeme hadi kwenye bodi, kisha gari linaokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi. Gereji haiwezi kuoka hivyo gari lenye nyaya, viti na plastiki. Fundi wetu anatakiwa kuiga matokeo ya mashine ile kwa kompresa na kiganja.

Lulu, kama ile 070, ni kesi nyingine. Kuna nyeupe chini, klia juu, na katikati tabaka la unga wa mika uliofunikwa kwa oksidi ya titani. Kila mkono unaoongezwa wa tabaka hilo la kati hubadilisha sura. Anayejua kazi hupuliza kwanza vibati vya majaribio, kimoja mkono mmoja, kingine miwili, kingine mitatu, anavipiga klia, vikishakauka ndipo anavishika kimoja kimoja ubavuni mwa gari. Asiyejua hujaribia kwenye gari lako.

Anavishikia wapi? Nje, kwenye mwanga wa mchana. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa viungo tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya tyubulaiti na kuachana juani, kwa kuwa jicho hupima rangi kwa aina tatu tu za seli na hudanganyika kirahisi taa ikibadilika. Gari likabidhiwalo magharibi, kwenye gereji yenye balbu moja, ni gari la kulitilia shaka. Vipo vifaa vya kupima rangi kwa pembe kadhaa, kuanzia nyuzi 15 hadi 110, navyo vinasaidia sana kupata pa kuanzia. Kibati cha majaribio bado kinapulizwa.

Hata hivyo fundi bora hashindi kwa kupata rangi ileile. Anashinda kwa kuuondoa mpaka. Jicho la binadamu ni kali mno kwenye ukingo na zembe kwenye badiliko la taratibu. Mwanasaikolojia wa Marekani Tom Cornsweet alionyesha kwamba vipande viwili vya kijivu kilekile, vikitenganishwa na ukingo uliochezewa kidogo tu, huonekana viwili tofauti. Ukiufunika ukingo kwa kidole, vinakuwa kimoja. Fundi hutumia udhaifu huo kwa upande wa pili: hupiga rangi mlango ulioumia, kisha huififisha taratibu ndani ya fenda ya mbele na mlango wa nyuma, na mwisho huzifunika paneli zote tatu kwa klia mpya. Tofauti bado ipo, ila haina mahali inapoanzia. Kwa hiyo ukigonga mlango mmoja ukaambiwa ulipie paneli tatu, usikimbilie kumwita mtu mwizi. Muulize tu kama rangi ataififisha au ataikata kwenye ufa wa mlango, na anayeikata mpunguzie bei.