Kutafuta Chanzo cha Kosa: Mfano wa Gari la Mashindano

Mwalimu anayesahihisha kosa bila kujua chanzo chake hutibu dalili na kuuacha ugonjwa. Tutazame magari ya Formula Vee, mashindano ya madereva wa ridhaa yaliyotambuliwa rasmi Marekani mwaka 1963, yatumiayo ekseli ya mbele ya Volkswagen.

Gari likitangatanga katika njia iliyonyooka, fundi hodari hakimbilii kurekebisha mwelekeo wa magurudumu. Kwanza hupima upepo wa matairi. Pili huliinua gari na kutikisa kila gurudumu, kwani beringi au kiungo kilicholegea hupotosha vipimo vyote. Ndipo hupima umbali baina ya matairi ya mbele, upande wake wa mbele kisha wa nyuma. Tofauti huonyesha yanakoelekea. Hurekebisha jambo moja, kisha hujaribu tena. Akibadili mawili pamoja, hatajua lipi lililofaa.

Na darasani ni vivyo hivyo. Mtoto akiandika 42 − 17 = 35, tusimpe mara moja mazoezi ishirini. Tumwulize alivyofikiri. Huenda ametoa 2 katika 7, akidhani tarakimu ndogo hutolewa katika kubwa daima. Mazoezi hayo yangelikomaza kosa, naye angejiona mjinga.