Neno la Kifaransa "Fleurir"

Sisi tunaojifunza Kifaransa hukutana na neno fleurir, yaani kuchanua. Asili yake ni Kilatini: flos ni ua, na florere ni kuchanua. Tangu zama za Warumi neno hili lilikuwa na maana mbili, kutoa maua na kusitawi. Wafaransa wa kale walisema florir. Baadaye likafuata sauti ya fleur, yaani ua. Lakini katika maana ya kusitawi mzizi wa zamani umesalia. Kwa hiyo mti uliokuwa ukichanua huandikwa fleurissait, bali ufalme uliokuwa ukisitawi huandikwa florissait.

Tena wanahistoria wana desturi njema. Ikiwa miaka ya kuzaliwa na kufa kwa mtu haijulikani, huandika kwa Kilatini floruit, maana yake "alichanua", kisha miaka ambayo kazi yake ilijulikana.

Babu yangu ameandikiwa mwaka wa kuzaliwa wa kukisia tu. Lakini kijiji kizima chajua miaka aliyokuwa akifua majembe. Wenzangu, waulizeni wazee wenu walichanua lini, mkaandike.