Mtoto mchanga anasikia lugha gani?

Mzazi wa mara ya kwanza hufundishwa mengi: kushikilia shingo ya mtoto, kumnyonyesha kila anapotaka, kutopaka majivu kitovuni. Kusema naye, hafundishwi. Huyu atasikia nini?

Anasikia. Tumboni konsonanti nyingi hufifia, lakini kupanda na kushuka kwa sauti, yaani wimbo wa sentensi, humfikia. Mwaka 1980, huko Marekani, DeCasper na Fifer waliwapa watoto wasiotimiza siku 3 chuchu ya mpira iliyounganishwa na kinasa sauti. Watoto walibadili mwendo wa kunyonya ili wasikie sauti ya mama yao, si ya mwanamke mwingine. Mwaka 1988, Mehler na wenzake walionyesha kwamba watoto wa siku 4 mjini Paris hutofautisha Kifaransa na Kirusi.

Basi hapa Lubumbashi, mama aliyebeba mimba miezi tisa akisema Kiswahili na Kibemba, kwa nini baada ya kujifungua amsemeshe mtoto Kifaransa tu, tena Kifaransa ambacho yeye mwenyewe hakitumii akiwa amechoka? Na mzazi mchanga huchoka kila usiku. Unapombadilisha nepi, mweleze unachofanya, polepole, kwa lugha ambayo ameizoea tangu tumboni.