Paulo Mbele ya Feliki: Kiasi Kinapojaribiwa (Sehemu ya 3)

Juma lililopita tulimwacha Paulo Yerusalemu, mbele ya Baraza, kuhani mkuu Anania ameamuru apigwe kinywani. Tuliona alivyomjibu kwa ukali, na alivyojirudi mara tu alipoambiwa anayesema naye ni nani. Wengi hudhani mwenye kiasi hapandwi na hasira kamwe. Paulo alipandwa, kisha akajitiisha chini ya sheria ya Musa inayokataza kumtukana mkuu wa watu, hata kama mkuu huyo amemdhulumu.

Leo tuko Kaisaria. Kesi imo mikononi mwa liwali Feliki, aliyekuwa mtumwa kabla ya kupanda cheo, na ambaye Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anamtaja kwa ukatili na tamaa zake. Pamoja naye yupo Drusila, binti wa Herode Agripa wa Kwanza, aliyemwacha mumewe, mfalme wa Emesa, ili aolewe na liwali huyo. Mbele ya wawili hao, mfungwa akazungumzia haki, kiasi na hukumu ijayo! Feliki akaingiwa na hofu, akayakatisha mazungumzo.

Yaliyofuata ndiyo yanayonigusa zaidi. Luka anaeleza katika Matendo 24 kwamba Feliki aliendelea kumwita Paulo mara kwa mara, akitarajia kupewa chochote. Paulo alikwisha kutaja katika utetezi wake kwamba amewaletea watu wa taifa lake sadaka. Huenda liwali alinusa fedha hapo. Rafiki za Paulo waliruhusiwa kumhudumia, na Filipo mwinjilisti alikuwa na nyumba mji huo huo. Kuchangisha kusingekuwa kazi kubwa. Paulo hakutoa. Miaka 2 ikapita, Porkio Festo akashika nafasi ya Feliki, na Paulo bado yumo kifungoni.

Angetoa hongo siku moja tu, Feliki asingekuwa na sababu ya kuamini lolote aliloambiwa kuhusu haki.

Makanisani kwetu mahubiri ya kiasi huishia kwenye ulevi na uzinzi. Yanafaa, lakini fedha na ulimi tunavipita haraka mno. Ndugu msomaji, juma hili ukiambiwa faili lako halionekani mpaka utoe ya chai, usitoe, wala usitukane. Omba kumwona mkubwa wa ofisi, andika malalamiko yako kwa heshima, na kesho urudi tena.